Hodi Katikati ya Ziwa

Ilikuwako enzi ambayo ziwa hili, hili mnaloliona halina mwisho, lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu angeweza kuinjika uji, akalizunguka kwa miguu, akarudi na kukuta uji ndiyo kwanza unatokota. Maji yalikaa mahali pake na watu wakakaa mahali pao. Kulikuwa na nyumba, zizi la mbuzi, boma la miiba, shamba la wimbi, kisha nyasi, kisha nyasi tena, ndipo maji. Kutoka mlangoni hadi majini palikuwa na mwendo wa kutosha wasichana wawili wenye vibuyu kuanza ugomvi, kuumaliza, na kuanza mwingine.

Wakati wa kiangazi watu wa milimani waliteremka kuvua. Walikuja na asali na mtama, na hawakulijua ziwa hata kidogo, kwa hiyo walihitaji mtu wa kuwaongoza. Kazi ya kuongoza ilikuwa ya wanaume wa nyumba chache, na siri yao ilikuwa hesabu. Kila nyumba ya waongozaji ilikuwa na namba yake. Unaanzia ukingoni, unaelekeza mtumbwi kwenye kilima chenye nundu, unahesabu mapigo ya kasia, na namba ikitimia unasimama: hapo ndipo samaki walipo. Baba alimnong'onezea mwanawe namba hiyo akiwa kitandani anaumwa, na mwana aliibeba kifuani mpaka naye alale kitanda hicho hicho. Binti hakuambiwa. Binti, walisema, ataolewa aende na namba kwa watu wengine. Kana kwamba samaki ni sufuria za kuhamishwa kwenye harusi!

Mkubwa wa waongozaji aliitwa Parkolwa. Namba ya nyumba yake ilikuwa mia mbili na arobaini, na ndiyo iliyokuwa ikitoa sato wanono kuliko wote. Hakuwa mtu mbaya, nisimzulie. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosea kwa muda mrefu sana, na hilo humharibu mtu kuliko ubaya.

Kisha ziwa likaanza kutembea.

Halikuja kwa kishindo. Mtu alimfunga ndama wake penye ukavu jioni, asubuhi akamkuta amesimama magoti majini, ametulia, anakunywa palepale alipofungwa. Watu walichomeka vijiti ukingoni kabla ya kulala ili wajue maji yamesogea kiasi gani, na kulipopambazuka hawakuviona vijiti. Wimbi likafunikwa. Boma la miiba likafunikwa. Kwa kuwa hakuna aliyejua maji yataishia wapi, watu walianza kulala na mizigo imefungwa, viatu kichwani, sikio moja wazi. Hata mbuzi waliacha kulala. Walisimama usiku kucha wakibadilisha miguu. Ukitaka kujua jinsi watu walivyochoka, jua kwamba waliacha kugombana.

Miongoni mwa waliofukuzwa na maji alikuwa bibi mmoja, Noolmongi, pamoja na mjukuu wake wa kike, Sintamei. Msichana alimwita koko, kama tunavyowaita nyanya zetu huku. Koko Noolmongi alikuwa amezaa katika nyumba ile, amezika mume karibu na zizi lake, na amefagia uwanja wake kila asubuhi tangu aolewe. Siku ya mwisho maji yalipofika kizingitini, alifagia uwanja, akakung'uta ufagio, akafunga mlango, akaondoka bila kugeuka. Sintamei alimwuliza mlango unafungiwa nini na maji yanapita chini yake. Koko akajibu, "Nyumba ni yangu. Naifunga."

Wakajenga kibanda juu kidogo. Maji yakakifuata. Wakajenga kingine.

Waongozaji nao walikuwa na taabu yao, na ilikuwa taabu ya kujitakia. Ukingo ulikuwa umehama, lakini namba hazikuhama. Kila asubuhi Parkolwa alipanda mtumbwi kwenye ukingo mpya, akaelekea kilima chenye nundu, akahesabu mia mbili na arobaini, akasimama. Chini yake hapakuwa na kilindi cha baba yake. Palikuwa na shamba la mtu. Wageni walitupa ndoana wakanasa mabua ya wimbi. Kesho yake ukingo ulikuwa mwingine, mia mbili na arobaini ikaangukia kwingine, wageni wakanasa matawi. Mtu wa kawaida angesema: ukingo umesogea, basi na namba isogee. Lakini namba ile ilitoka kwa baba, na baba aliitoa kwa babu, na nani angethubutu kumwambia marehemu aongeze?

Kwa hiyo wakatafuta wa kumlaumu, na hamtashangaa walimpata nani. Waongozaji walikaa kikao, wakatoka na uamuzi: samaki wamekimbia kwa sababu ya kilio. Wale waliopoteza nyumba wanakaa ukingoni wakililia makao yao, na samaki hapendi kilio. Kwa hiyo kila aliyehamishwa na maji ahame tena, yeye na mbuzi wake, avuke kilima cha pili, akae huko kwenye mawe, na asikanyage ukingoni.

Huko kwenye mawe hapakuwa na kisima wala majani. Kwa koko Noolmongi, aliyekuwa akitembea kwa kushika ukuta, uamuzi ule ulikuwa kaburi lenye njia ya kupanda.

Sintamei aliingia kikaoni bila kuitwa.

"Wazee wangu, shikamooni. Nina swali moja tu, nitatoka."

"Uliza utoke," akasema Parkolwa.

"Kilio kinafukuza samaki?"

"Kinafukuza."

"Tangu maji yaanze kupanda, mzee, nani amelia hapa ukingoni kila siku, asubuhi na jioni, kwamba samaki hakuna, samaki hakuna, uwii, samaki hakuna?"

Mzee mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Sintamei hakutoka kama alivyoahidi. Alisema samaki hawajakwenda popote, wamehamia kwenye chakula. Alisema pale palipokuwa zizi la bibi yake kuna samadi ya miaka arobaini, na maji yakilowesha samadi huota vijidudu, na vijidudu vikiota samaki hupanga foleni. Alisema angeweza kuwapeleka.

"Wewe?" Parkolwa akauliza. "Kwa namba gani?"

"Sina namba."

Hapo walicheka wote waziwazi. Lakini katika kikao kile alikuwapo Kiptala, mkubwa wa wageni wa milimani, ambaye alikuwa amekaa siku sita akivua mabua na mtama wake unaisha. Akasema, "Mimi nitapanda na huyu. Wenye namba nimeshawaona."

Parkolwa hakuweza kumkatalia mgeni. Akatoa sharti mbele ya wote: "Kesho atuonyeshe. Akishindwa, yeye na bibi yake wanahama kabla jua halijazama." Na Sintamei, kwa hasira na kwa furaha ya kusikilizwa, akajibu haraka, "Nimekubali."

Asubuhi wakapanda mtumbwi mmoja: Sintamei mbele, Kiptala na ndugu yake kati, Parkolwa nyuma na kasia. Ziwa lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na upepo ulikuwa hautulii, mara unavuta huku, mara kule. Sintamei hakutazama ukingo hata mara moja. Alitazama milima. Ukiwa umesimama mlangoni kwa koko, jiwe moja kubwa jeupe la mlima wa nyuma huchungulia kwenye bega la kilima chenye nundu, jicho moja tu, kama mtoto aliyejificha vibaya. Ukisogea hatua ishirini kulia, jiwe lapotea. Ukisogea kushoto, latoka zima. Alikuwa ameona jicho lile kila asubuhi ya maisha yake akipiga mswaki. Hakuna mwingine duniani aliyelijua hilo isipokuwa aliyeamka katika nyumba ile, kwa sababu hakuna anayejua mlango wa mwenzake unatazama nini.

"Kulia," alisema. "Kulia zaidi. Umepita. Rudi."

"Nani aliwahi kuvua kwa kurudi nyuma?" Parkolwa alinung'unika.

Jiwe likachungulia. Sintamei akatazama chini, kwa kuwa alikuwa amesimama juu ya mlango uliofungwa. Kisha akawasogeza kidogo upande wa zizi, akasema, "Hapa."

Ndoana ya Kiptala haikufika chini. Kambale mkubwa kama paja aliidaka njiani. Ndugu yake akatoa sato, akatoa mwingine, akawa anacheka peke yake kama mwendawazimu. Mtumbwi ukazama hadi karibu na mdomo kwa uzito wa samaki, na Kiptala akapiga kelele, "Dada, nyumbani kwenu mlikuwa mnalisha mbuzi nini?" Sintamei alicheka pia, na katika kucheka aligeuka nyuma, akamwona Parkolwa anapiga kasia kurudi ukingoni huku midomo yake inacheza. Mia moja na tisa. Mia moja na kumi. Alikuwa anahesabu.

Mtumbwi ulipogusa nchi kavu, Parkolwa alikuwa na namba mpya: mia tatu na nane.

Watu walikusanyika kutazama samaki. Koko Noolmongi alikuja akiegemea fimbo. Sintamei akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee, tumeonyesha. Tunabaki."

"Mnabaki?" Parkolwa akasema taratibu. "Binti, nikumbushe sharti letu."

"Nikishindwa tunahama."

"Ndiyo. Ukishindwa mnahama. Nani alisema ukishinda mnabaki?"

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyesema hivyo. Sintamei alikuwa ameifunga hoja upande mmoja na kuacha upande mwingine wazi kama zizi lisilo na lango, na mbuzi wote walikuwa wametoka.

"Uamuzi wa kikao ulikuwapo kabla ya sharti," Parkolwa akaendelea. "Bado upo. Keshokutwa mvuke kilima. Na ile sehemu ya kuvulia tunakushukuru. Sasa ina namba."

"Ile si sehemu ya kuvulia! Ni nyumbani kwetu!"

"Nyumba gani? Mimi nimeona maji. Nani mwingine ameona nyumba?" Akawageukia watu. Watu wakatazama miguu yao. Mjue, wengi wao walikuwa na nyumba zao wenyewe chini ya maji yale yale, na walitazama miguu yao. Mpaka leo nikifika hapa katika habari hii nataka kuwashika mabega niwatikise.

Sintamei alitaka kuendelea, lakini koko alimshika mkono. Bibi hakuwa na hasira; hicho ndicho kilichomwumiza msichana zaidi. Njiani alisema neno moja tu. "Mimi sitaki hata samaki, mama," alisema, akimwita mjukuu mama kama bibi wanavyofanya. "Nataka mtu mmoja tu aseme kulikuwa na nyumba."

Usiku ule mvua ilinyesha huko kwenye vyanzo vya mito, na ziwa likatembea kuliko siku zote. Kulipokucha, ukingo ulikuwa umepanda mapigo ishirini ya kasia. Na Parkolwa, ambaye alikuwa amesumbuliwa na kosa hili hili msimu mzima, alipanda mtumbwi kwenye ukingo mpya pamoja na Kiptala na ndugu yake, walioiamini namba mpya, akaelekea kilima chenye nundu, akaanza: moja, mbili, tatu.

Mia tatu na nane haikumfikisha zizini. Ilimfikisha nyuma ya nyumba, penye mgunga mkubwa na boma la miiba. Kilele cha mgunga kilikuwa shubiri moja chini ya maji. Mtumbwi ulipanda juu ya tawi, ukakwama, wanaume watatu wakasimama kwa mshtuko wote upande mmoja, na mambo yakawa kama yanavyokuwa. Mtumbwi ulijaa, ukateleza, ukazama. Wanaume wakabaki wameshikilia matawi yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na mbali kidogo, juu ya maji ya rangi ya chai, vipande viwili vilivyofanana na magogo vikaanza kusogea. Mamba wa ziwa hili hawana haraka. Hawajawahi kuihitaji.

Kelele zikafika ukingoni. Mitumbwi mingine ilikuwa mbali, ikihesabu. Sintamei alikuwa anafunga mizigo ya kuhama. Alisukuma mtumbwi mdogo wa marehemu babu yake, na kabla hajapanda akamwona koko tayari amekaa ndani, fimbo mapajani.

"Koko, shuka."

"Wanaita nyumbani kwangu," bibi akasema. "Nishuke niende wapi?"

Wakaenda. Jiwe jeupe lilipochungulia, Sintamei alijua yuko mlangoni. Akazungukia nyuma, hadi urefu wa kasia mbili kutoka kwenye mgunga, hapo akauweka mtumbwi ukatulia.

"Haraka, binti, leta!" Parkolwa akapaza sauti.

"Mko juu ya mti wa nyuma ya nyumba ya koko," Sintamei akasema. "Mwenyewe huyu hapa. Watu huingiaje kwa watu?"

Kiptala alielewa kwanza. "Hodi, mama!" alipiga kelele. "Hodi, hodi, hodi wenye nyumba!"

Koko akanyoosha shingo, vilevile alivyokuwa akifanya kitambo akiwa jikoni. "Karibu, baba. Pita." Sintamei akasogeza mtumbwi, Kiptala akaingia, miguu inavuja damu. Ndugu yake akabisha hodi kwa sauti nyembamba, akakaribishwa, akaingia. Mtumbwi ukarudi nyuma kasia mbili.

Akabaki Parkolwa.

"Mimi nibishe hodi kwa maji?" akasema.

"Kwa maji, hapana."

"Ziwa lenyewe liliingia kwenu bila hodi. Mbona hamkuligombeza?"

"Ziwa halina mdomo, mzee," Sintamei akasema. "Wewe unao."

Parkolwa akatazama yale magogo. Lilibaki moja, la pili lilikuwa limezama, na hilo halikumpa raha. Lakini sidhani ni mamba walioshinda hoja ile. Alitazama chini, na kwa mara ya kwanza matope yalikuwa yametuama pale chini ya mgunga, akaona. Aliona boma la miiba likizunguka, na lango lake. Aliona paa. Aliona uwanja, ambao samaki walikuwa wanapita juu yake, na ulikuwa msafi. Hata chini ya maji ulijulikana kwamba ulifagiwa.

Kisha, si kwa sauti ya kikao, akasema, "Hodi."

Koko hakujibu.

"Hodi," akasema tena.

"Nani huyo?" koko akauliza, kama anayeuliza akiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

"Ni mimi. Parkolwa."

"Parkolwa wa wapi?"

"Aa, mama Noolmongi! Parkolwa wa hapa hapa! Jirani yako!"

"Unataka nini nyumbani kwangu, Parkolwa?"

Na yule mtu ambaye hakuwahi kukosea, akiwa amekumbatia mti wa miiba, alisema mbele ya wageni wawili wenye masikio mazima, "Nimekuja nyumbani kwako bila ruhusa, mama. Nimekosa njia. Nakuomba unikaribishe."

Hapo ndipo koko Noolmongi alipolia, mara ya kwanza tangu maji yaanze, na samaki hawakukimbia. Alisema, "Karibu," akamnyooshea fimbo yake mwenyewe ashike.

Hakuna aliyevuka kilima cha pili. Jioni ile Kiptala alieleza ukingoni alichokisikia, akakieleza kwa mbwembwe, na wale waliokuwa wametazama miguu yao wakainua macho kwenye milima. Mmoja akasema kwake, ukikaa jikoni, mabonde mawili yalikutana kama mkasi. Mwingine akasema kwake jua lilizama ndani ya tundu la mlima. Kila mmoja alikuwa na mlango wake kichwani, na hakuna aliyeweza kuuhesabu. Waongozaji wakaachana na namba. Parkolwa alikuwa wa kwanza kuomba mwenye nyumba apande mbele, naye akae nyuma na kasia.

Basi ndivyo desturi hii ilivyoanza, na ndivyo inavyoendelea kwa sababu ziwa nalo linaendelea. Mgeni akija kuvua kwetu, mtumbwi hupanda watu watatu: mgeni, mwongozaji mwenye kasia, na mtu wa nyumba iliyo chini, mara nyingi mwanamke, kwa kuwa ndiye aliyesimama mlangoni zaidi. Wakifika, kasia huwekwa chini, na mwongozaji hubisha hodi juu ya maji. Mtu wa nyumba huangalia milima yake, na akiwa na hakika hujibu karibu. Ndipo ndoana hutupwa, na samaki wa kwanza ni wa nyumba hiyo.

Lakini zipo sehemu ambazo waliozijua wamekufa wote, au wamehamia mbali wakasahau mlango wao ulitazama nini. Hapo mwongozaji hubisha mara ya kwanza, akasubiri. Hubisha mara ya pili. Mgeni huanza kuhangaika, kwa sababu anawaona samaki kwa macho yake, wakubwa, wamezeeka, wanazunguka mtumbwi bila woga. Mwongozaji hubisha mara ya tatu. Kukiwa kimya, hushika kasia na kugeuza.